Mjitoleaji Bora wa Makambako

Eufrasia alifika uwanjani asubuhi na mapema, jembe begani, ndoo ya togwa kichwani, na hasira zikampanda kabla hata hajaitua ile ndoo. Hapakuwa na mtu. Alitazama upande wa barabara ya Songea, akatazama upande wa reli, akatazama njia ya stendi. Hakuna aliyekuja. Upepo wa Makambako ulikuwa unavuma vile vile unavyovuma siku zote, wa kukausha midomo, na mbuzi wa mtu alikuwa anakula nyasi karibu na nguzo ya goli kana kwamba uwanja ni wa baba yake.

"Ala!" alimwambia mbuzi, maana hapakuwa na mwingine wa kumwambia. "Hata wewe umekuja, wao hawakuja!"

Jumapili yote alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kuita mgowe. Kwa Wabena, mwenye kazi iliyoizidi mikono yake huwapitia majirani, akawaomba, nao wakaja na majembe yao, naye akawaandalia cha kunywa. Wengine huweka ulanzi, pombe ya mianzi. Eufrasia aliweka togwa isiyolevya, kwa sababu nusu ya watu wake walikuwa Waislamu wa kule stendi, na hakutaka mgowe wenye vyungu viwili, kimoja cha hawa na kingine cha wale. Chungu kimoja, kata moja. Anayelima kwa fujo na anayejikongoja wote wananywea hiyo hiyo. Na mtu akianza kumsifu mmoja peke yake, fulani ana nguvu, fulani hana mfano, lazima wenzake wamkatishe: "Wewe, acha, unataka kuuvunja mgowe?" Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za bibi zake, na wageni waliohamia Makambako kufuata biashara walikuta hivyo wakazoea.

Na kazi ya safari hii ilikuwa si ya mchezo. Mvua za masika zilikuwa zimeuchana uwanja wa netiboli katikati, korongo la kumfika mtu magotini. Mtendaji wa kata alikuja akasimama ukingoni, mikono nyuma, akasema mji unakua, malori hayana pa kulala, na kwamba Jumamosi atarudi. Akikuta uwanja, sawa. Akikuta korongo, eneo litakuwa la kuegesha malori. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia soko huria, kila kipande cha ardhi kilikuwa kimeanza kutazamwa kwa macho ya biashara, na uwanja wa wasichana kurukaruka na mpira nani angeutetea? Wasichana wa timu ya Nyuki hawakuwa na pengine pa kuchezea. Ukiondoka huo, timu imekufa.

Eufrasia alikaa juu ya mpini wa jembe mpaka jua likawa kali. Alipita mwanamke na mzigo wa mitumba, akapita fundi baiskeli, wakamsalimia "Kamwene," wakaenda zao. Watu wake, wale ambao kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kumkatalia, walikuwa wamemkatalia kimya kimya.

Na sababu aliijua. Sababu ilikuwa imeegemezwa ukutani nyumbani kwake, ina kengele, ina taa, na bado ilikuwa na makaratasi ya dukani kwenye usukani.

Hebu tumseme Hezekia. Hezekia alikuwa afisa utumishi wa shirika moja la umma, na shirika lilipokufa kama mengi yalivyokufa miaka ile, alirudi Makambako na mkoba, miwani na maneno. Mtu mzuri, hana ubaya, lakini maneno! Akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya michezo kwa sababu alikuwa na nafasi ya kukaa vikaoni. Akaenda Njombe kwenye semina ya jinsi ya kuwatia moyo watu wanaojitolea michezoni. Akarudi amewaka.

"Tuna tatizo la motisha," aliwaambia pale uwanjani.

"Nani kakwambia?" aliuliza Dionis, seremala, yule aliyechonga nguzo za magoli kwa mbao zake mwenyewe na kuzichonga tena zilipooza.

Watu walicheka. Kweli walikuwa na tatizo? Eufrasia alikuwa kocha bila kuitwa kocha. Netiboli aliijulia shule ya misheni, karibu na Njombe, masista wakipuliza filimbi. Rukaiya, muuza maandazi wa stendi, alifua jezi na kuwalisha wasichana siku za mechi, na binti yake Maua ndiye aliyecheza senta. Wengine walifyeka, wengine walibeba maji, wengine walikuja tu kupiga kelele na kelele zenyewe zilisaidia. Hakuna aliyekuwa amelalamika. Lakini Hezekia alikuwa ameshaambiwa huko kwamba binadamu asiyetambuliwa hunyauka, akaamua kuwatambua. Angechaguliwa Mjitoleaji Bora. Akamwendea Kheri, tajiri wa malori, na Kheri kwa moyo mweupe kabisa akatoa baiskeli mpya.

Siku ya michezo ya wilaya wakapelekwa Njombe kwa lori la Kheri, wote wamesimama nyuma, wanaimba kuanzia Makambako mpaka wanaingia mjini. Baridi ya Njombe ilikuwa ile ya kuuma masikio. Eufrasia na Rukaiya walijifunika blanketi moja wakakaa kwenye majani, wanatetemeka, wanawacheka watu wa jukwaa kuu na makoti yao. Jina likatajwa kwenye kipaza sauti. Eufrasia akasimama, akaenda jukwaani, akapewa mkono na mgeni rasmi, akaambiwa aseme neno, akasema mawili matatu ya shukrani. Watu wakapiga makofi. Moyo ulimwenda mbio kama msichana wa kipaimara.

Kurudi, baiskeli ilipakiwa katikati ya watu. Kila lori liliporuka shimo ilitaka kuwaangukia, na Rukaiya akaishika gurudumu njia nzima isimparuze Maua. Hakuna aliyeimba. Waliposhuka stendi Rukaiya alisema, "Haya, Mshindi. Kwaheri." Tangu siku hiyo hakuitwa tena Mama Benno, kama walivyozoea kumwita. Sokoni Mshindi, kisimani Mshindi, na wote wanasema kwa adabu, hakuna anayecheka.

Basi Eufrasia akalitupa jembe begani, akamwendea Dionis. Alimkuta anapiga randa ubao, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Mzee Dionis, nilikuita Jumapili. Ukasema utakuja."

"Nilisema Mungu akipenda."

"Na Mungu hakupenda?"

Dionis akapiga randa mara nyingine, taratibu. "Mimi ni mjitoleaji wa kawaida, mama. Kazi kubwa kama ile anaitiwa aliye bora. Nitakwenda kuharibu."

"Yesu na Maria! Unanifanyia hivi kwa sababu ya baiskeli? Mimi niliiomba?"

"Sijasema uliiomba."

"Sasa kosa langu nini? Sema! Una mdomo, sema!"

Mzee akapuliza vumbi kwenye randa, akamgeuzia mgongo akaendelea na ubao wake. Eufrasia alitamani kumrushia kipande cha mbao. Alitoka pale, akaenda nyumbani, akaichukua ile baiskeli, hakuipanda, akaikokota mpaka kwa Hezekia, akaitupa uani kwake ikaanguka kwa kishindo na kengele ikalia.

"Chukua!" alisema. "Chukua uchafu wako!"

Hezekia alitoka na kikombe cha chai mkononi. "Mama Eufrasia! Kuna nini?"

"Mgowe umevunjika. Wewe umeuvunja. Watu waliokuwa wanakuja kwa kuitwa tu, leo hakuja hata mmoja. Jumamosi malori yanaingia uwanjani, na wewe unakunywa chai."

Hezekia aliweka kikombe chini. Alisikitika kweli, uso ulimshuka. Kisha, masikini, akapata wazo.

"Nimeelewa," alisema. "Tatizo ni kwamba tulitoa zawadi moja. Tungeweka mshindi wa pili na wa tatu. Na wa kufariji. Mzee Dionis tungempa..."

"We Hezekia!"

"Au tutafute vibarua, nimwombe Kheri..."

"Uwanja ule haujawahi kuchimbwa na kibarua!" Eufrasia alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Ule ni wetu! Ukishaweka kibarua, kesho nani atafyeka? Nani atafua jezi? Utamlipa Rukaiya kwa kila jezi? Watu walikuwa na kitu chao, wewe umekuja na semina yako ukakipasua mapande mapande, sasa unataka kukishona kwa zawadi ya kufariji! Huna hata haya!"

Hezekia alivua miwani akaifuta, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini mama, mbona siku ile ulifurahi? Mimi nilikuwepo. Ulifurahi sana."

Eufrasia akamwacha na baiskeli yake iliyolala uani, akaondoka.

Kesho yake akaenda uwanjani kuchimba peke yake. Kama hawataki, basi! Atachimba mpaka afe humo humo, wamzike na korongo lao. Alichimba udongo wa pembeni akautupa shimoni, karai kwa karai. Udongo ulimezwa kana kwamba hakutia kitu. Mgongo ukamuuma, viganja vikachubuka, na kila alipopumzika hasira ilimwinua tena. Aliwahesabia wote mema yake: fulani nilimuuguzia mtoto, fulani nilimlimia viazi alipojifungua. Wasio na fadhila! Watu wa ovyo!

Rukaiya alipita na beseni la maandazi kichwani, anakwenda stendi. Alipita ng'ambo ya uwanja, njia ndefu, ili asimkaribie. Hapo Eufrasia hakuweza kuvumilia tena.

"Rukaiya! Njoo hapa!"

Rukaiya akasimama. "Nina maandazi ya moto, Mshindi."

"Usiniite hivyo! Njoo uniambie usoni. Miaka yote hii, mimi na wewe, leo unanipita kama ukoma kwa sababu ya baiskeli? Nimeirudisha! Iko kwa Hezekia, nenda kaichukue kama ndiyo iliyokuuma!"

Rukaiya alilitua beseni chini polepole, akalifunika vizuri, akaja mpaka ukingoni mwa korongo. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Unadhani mimi nataka baiskeli? Mimi? Niipande niende wapi? Wallahi, ungepewa lori zima la Kheri na matairi yake nisingesema neno. Wewe ndiye uliyetufundisha mpira ule. Ungepewa tu, ningekushangilia."

"Sasa nini?"

"Hukumbuki ulichosema?"

"Wapi?"

"Njombe. Walipokupa kipaza sauti. Hukumbuki, au unajifanya?"

Eufrasia alikumbuka makofi. Alikumbuka koti la mgeni rasmi.

"Basi nitakukumbusha, maana mimi nilikuwa chini pale na baridi, blanketi umelivuta ukaliacha kwenye majani. Ulisema, 'Nashukuru, maana nimehangaika na timu hii peke yangu kwa muda mrefu.' Peke yako! Ukarudia. 'Peke yangu, bila msaada.' Wilaya nzima inasikia. Mzee Dionis alikuwa amekaa kulia kwangu, nguzo zile kazichonga yeye. Maua akanigeukia akaniuliza, 'Mama, kwani wewe ulikuwa hufui?' Nilimjibu nini mtoto? Niambie, nilimjibu nini?"

Eufrasia alilichomeka jembe udongoni.

"Mimi sikusema..." alianza.

"Ulisema! Tena kwa sauti nzuri. Mimi sikuumwa na Hezekia, Hezekia hajui kitu, anatufanyia mambo ya vitabuni. Niliumwa na wewe. Wewe unajua. Leo unatuita mgowe, unataka tuje kumsaidia mtu aliyeko peke yake? Basi chimba. Mbona unaweza."

Akajitwika beseni lake akaenda. Hakugeuka.

Eufrasia alikaa ndani ya korongo. Alitaka kumchukia Rukaiya, na kwa muda alimchukia hasa, lakini maneno yalikuwa yameshaanza kumrudia, moja moja, kwa sauti yake mwenyewe iliyokuzwa na spika. Alikuwa ameyasema. Kwa nini? Hakuna aliyemwambia ayaseme. Alisimama mbele ya watu wenye makoti, wakamtazama kama mtu, akaona raha, na raha ile ikamfanya awafute wenzake wote kwa pumzi moja. Hasira aliyokuwa amewabebea Dionis na Hezekia na mbuzi wa watu ikageuka ikamwangukia yeye. Alilia pale pale, kwa sauti, na jembe akalipiga chini mpaka mpini ukachomoka.

Alhamisi akaenda stendi. Alichagua saa ya watu wengi, mabasi ya Mbeya yanaingia, ya Songea yanatoka, wapiga debe wamejaa, abiria wanagombania chai. Akasimama mbele ya meza ya Rukaiya. Alikuwa amekusudia kusema taratibu, lakini bado alikuwa na hasira, na sauti ikatoka kama anagombana.

"Nisikilizeni! Mimi Eufrasia nilidanganya kule Njombe! Nilisema timu ya Nyuki nimeihangaikia peke yangu. Uongo! Jezi anafua huyu hapa, tangu mwanzo! Nguzo ni za mzee Dionis! Uwanja ni wa watu wote mnaowajua! Mimi nilijisahau, nikawavua nguo wenzangu hadharani, kwa hiyo nimekuja kujivua mimi hadharani!"

Mpiga debe mmoja akauliza, "Huyu mama kaibiwa?" Wengine wakacheka. Uso wa Eufrasia ulikuwa unawaka moto.

Rukaiya aliendelea kufunga maandazi ya mteja kwenye gazeti. Hakutabasamu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi sogea, unanizibia wateja."

Eufrasia akasogea. Akarudi nyumbani, akajifungia, akajiambia ndio mwisho, amepoteza watu na uwanja kwa pamoja.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, mlango wake uligongwa. Alikuwa Maua. Hakuingia ndani.

"Mama anasema kesho asubuhi kuna mgowe uwanjani. Kauita yeye. Anasema kama una nafasi, uje na karai."

"Na togwa? Nipike togwa?"

"Hapana. Anasema togwa atapika yeye."

Jumamosi Eufrasia alikwenda na karai, kama mtu yeyote aliyeitwa. Walikuwa wamekuja. Dionis na mwanawe, wauza mitumba, madereva wawili, mama wa kwaya ya kigango, wasichana wote wa timu. Rukaiya alikuwa amejifunga kanga kiunoni anapanga watu.

"Wewe, mawe," alimwambia Eufrasia bila kumwangalia. "Kule mwisho, relini."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote na alijua kapewa kwa makusudi. Alibeba. Hakuna aliyeimba mwanzoni. Walichimba kama watu wanaompiga mtu, majembe yanagonga, udongo unaruka, na hasira ya majuma yale yote ikaingia kwenye lile korongo pamoja na mawe. Dionis alimpisha apite na karai, akasema "pole" ya kawaida, basi. Alikwenda relini, akarudi, akaenda tena, na kila alipomwaga mawe Rukaiya aliyakanyaga kwa mguu kuona kama yamekaa.

Mtendaji alifika jua likiwa limepanda, Hezekia nyuma yake na mkoba wake. Mtendaji akatembea juu ya pale palipokuwa korongo, akapigapiga kisigino, akaona kimebaki kipande kidogo tu upande wa goli. Akakuna kichwa.

"Haya," alisema. "Malori yatatafutiwa pengine."

Wasichana walipiga vigelegele. Hezekia naye alifurahi mpaka miwani ikamteleza. Akapiga makofi mawili kuwanyamazisha watu.

"Kazi nzuri sana! Safi kabisa! Sasa nani kaongoza kazi hii? Ni lazima tumuenzi. Mama Eufrasia, bila shaka ni..."

Kila jembe lilisimama. Eufrasia alikuwa na karai la mawe kichwani, jasho linamwingia machoni. Na Mungu ni shahidi, aliposikia jina lake likiitwa mbele ya mtendaji, mbele ya watu, kitu kile kile cha Njombe kilimwinuka kifuani, kitamu vile vile. Akakijua. Akakichukia kwa hasira ambayo hakuwahi kumchukia nayo mtu yeyote.

"Koma!" alisema. "Hezekia, koma kabisa! Usinitaje! Aliyeita mgowe huu ni Rukaiya, na yeye ukimwita jukwaani nitakuja nimvute kanga mwenyewe akae chini! Unataka kutuenzi? Jembe lile pale, halina mtu. Chimba!"

Mtu akaguna, mwingine akacheka, na mara watu wote wakawa wanacheka, hata Dionis, na Hezekia akatazama viatu vyake, akatazama jembe, akauweka mkoba kwenye majani. Rukaiya peke yake hakucheka. Alisimama ndani ya kile kipande cha korongo kilichobaki, mikono kiunoni, akamtazama Eufrasia moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama Benno," alisema kwa ukali, "unahutubia nini hapo na huku hakujajaa? Leta mawe."

Eufrasia akamwaga mawe yake miguuni pa Rukaiya, akashika njia ya relini kwenda kuleta mengine.